Kiti cha Upande Uliolala

Jamhuri, Nairobi
Jumanne, 4 Februari 2025

Binti yangu Lornah,

Nimemkabidhi Kivuva barua hii kwa kuwa anakaa Kangemi, na anasema kufika kwako Uthiru si kazi. Usinicheke kwa kuandika. Unayajua masikio yangu: kwenye simu watu wananifikia kama wanaongea ndani ya sufuria, na zile herufi za ujumbe ni za macho ya vijana. Karatasi haijawahi kunishinda. Miaka yote ya duka letu la vipuri pale Kirinyaga Road niliwaandikia wateja kwa Kiswahili, na hakuna aliyerudi na gia isiyokuwa ya gari lake.

Habari za tumbo? Nasikia daktari amekukataza kutembea mpaka mtoto azaliwe, na kwamba Clifford, mumeo, ndiye anayepika. Pole kwa yote mawili.

Sasa habari za mke wangu Jyoti. Ulikuja kumfanyisha mazoezi mara mbili tu baada ya sisi kumtoa hospitali, kisha ukalazwa, ukatuletea Kivuva. Sina malalamiko. Mguu wa kushoto umeanza kujitahidi. Kivuva anasema, "Mzee, huyu mama ako mbele kushinda wagonjwa wangu wote. Mguu inarudi." Mkono wa kushoto bado umelala. Maneno anayo, ingawa ni machache. Na Selpher, anayetusaidia hapa nyumbani, anaongea Kijaluo. Jyoti alizaliwa Kisumu, na anasema lugha hiyo anaijua kukushinda wewe wa Nairobi. Hayo ni maneno yake, si yangu.

Shida ni mimi. Hanitazami.

Uliniagiza nikae upande uliolala, niushike mkono huo, nimwongeleshe kutoka huko ili ubongo usiusahau. Nimefuata. Kila asubuhi Jyoti akishakalishwa kwenye kiti chake kikubwa cha sebuleni, nasogeza changu upande huo na kumwita jina. Anageuza uso kwenda upande mwingine, hadi ukutani. Nikiushika mkono, hauvuti wala haushiki. Selpher akija na kuinama mbele yake, anamtazama vizuri na hata kucheka. Kwangu mimi, ukuta.

Sababu naijua, na wewe uliisikia. Mwaka jana niliuza nyumba yetu ya Westlands tuliyokaa tangu mwanetu Avni azaliwe, tukahamia fleti hii ya chini hapa Jamhuri. Jyoti hakutaka. "Umenihamisha kama kabati," aliniambia siku ile lori lilipokuja. Tulihama Septemba, kiharusi kikampiga Desemba, na miezi ya katikati hapo tulikuwa tunaongea habari za chumvi na gesi tu.

Avni sasa anataka kumchukua mama yake akakae naye Kisumu. Nimemwambia angoje. Ndiyo maana nakuuliza wewe uliyesomea mwili: hasira inakaa wapi? Iko neva ambayo mtu anaweza kuitumia kumkataa mtu mmoja tu na kuwaacha wengine? Kama ni ugonjwa, niambie nifanye nini. Kama ni hasira, nitamwacha aende. Tumeoana miaka arobaini na minne na sitaki kumlazimisha kuishi na mtu asiyetaka kumwona.

Wako,
Vasant


Uthiru
Alhamisi, 6 Februari 2025

Mzee Vasant,

Shikamoo. Barua yako imenifurahisha na kunihuzunisha kwa wakati mmoja. Tumbo linaendelea. Clifford amejifunza kupika ugali, na sasa anataka kupongezwa kila anapoupika.

Umeniuliza swali kubwa, kwa hiyo nitakujibu kama tulivyofundishwa mwaka wa kwanza. Hapa kitandani sina mwanafunzi mwingine. Clifford hulala nikifika shingoni.

Mfumo wa neva una sehemu mbili. Ya kwanza ni mfumo mkuu: ubongo ulio ndani ya fuvu, na ile kamba nene inayoshuka kutoka kwenye ubongo ikipita ndani ya pingili za mgongo. Ya pili ni mfumo wa pembeni, yaani neva zote zinazotoka kwenye kamba hiyo na kwenye ubongo wenyewe kwenda usoni, mikononi, tumboni, hadi ncha za vidole. Baadhi ni neva za hisi, zinapeleka habari juu: hapa pana joto, hapa nimeguswa. Nyingine ni neva za mwendo, zinaleta amri chini: shika, inua, acha. Kuna pia kundi linalojiendesha lenyewe, la moyo na tumbo na jasho. Hilo haliombi ruhusa ya mtu.

Sasa lililo muhimu kwako. Njia hizi hupishana kabla ya kufika ubongoni, nyingi zikipishana kwenye shina la ubongo, juu kidogo ya shingo. Kwa hiyo nusu ya kulia ya ubongo inatawala upande wa kushoto wa mwili. Kiharusi cha Mama Jyoti kiliumiza nusu ya kulia, ndiyo sababu mkono na mguu wa kushoto vimelala. Mkono wenyewe hauna ugonjwa wowote. Neva zake ni nzima kutoka bega hadi kidole. Kilichoumia ni mahali pa kuzipokea habari zake. Ukiushika na usikujibu, usichukulie kwamba amekukataa.

Kuhusu hasira: sehemu za ndani kabisa za ubongo zinahusika na woga na hasira, lakini neva ya kumkataa Vasant peke yake hatukuisoma. Hata hivyo siwezi kukuapia kwamba mke wako hana hasira. Nilimwona mara mbili tu, na mara zote mbili alinieleza habari za Westlands.

Kabla sijasema zaidi, nitazamie mambo mawili. Chakula anamaliza? Akiacha, ni upande gani wa sahani? Na akijichana nywele, upande gani unabaki? Niandikie ulichokiona, si ulichodhani.

Wako mtiifu,
Lornah Were


Jamhuri
Jumanne, 11 Februari 2025

Binti Lornah,

Nimekuelewa vizuri, na nimemweleza Selpher habari za njia kupishana, akasema huo ni mpango wa ajabu. Nami naona hivyo. Mtu angenijengea duka ambalo swichi ya kulia inawasha taa ya kushoto, ningemrudisha aanze upya.

Nimetazama kama ulivyoomba. Wakati wa chakula sikai karibu naye, nisije nikamharibia hamu. Nasimama jikoni, kwenye lile dirisha dogo la kupitishia sahani, nyuma ya pazia. Yeye anakuwa ameelekea kwangu, kwa hiyo naona kila kitu.

Ni kweli anaacha chakula, na anaacha upande mmoja. Wali na dengu za upande wa kushoto zinaisha kabisa. Za upande wa kulia hazijaguswa, utadhani sahani imepigwa mstari katikati. Jana aligomba kwamba hajapewa chapati, na chapati ilikuwa palepale, kulia. Nywele pia: kushoto zimelala vizuri, kulia zimesimama kama za mtu aliyetoka kitandani. Selpher anasema ni uzee. Nimemwambia uzee hauchagui upande.

Mimi bado nakaa pale ulipoamuru, na bado nazungumza na kisogo. Leo nilimsomea habari za maonyesho ya kilimo hapo uwanjani, akamwita Selpher azime redio.

Redio ilikuwa imezimwa, Lornah. Nilikunja gazeti.

Vasant


Uthiru
Jumanne, 11 Februari, alasiri

Mzee Vasant,

Kivuva ameniletea barua yako sasa hivi, na simu yako hushiki. Clifford anakuja na karatasi hii kwa bodaboda.

Mpelekeni Mama Jyoti hospitali leo hii, msingoje kesho. Kushoto tulikuwa tunakujua. Kulia ni jambo jipya, na jambo jipya baada ya kiharusi halingojewi. Huenda nusu ya pili ya ubongo nayo imekosa damu. Mwambie daktari wa zamu hivi: "Upande wa kulia umeanza kusahaulika." Waombe wampige picha ya kichwa.

Samahani kwa kukutia hofu. Nenda.

Lornah


Jamhuri
Ijumaa, 14 Februari 2025

Lornah,

Tumerudi nyumbani. Picha ya kichwa haina jambo jipya. Lile doa la Desemba lipo mahali pake, nusu ya kulia, na nusu ya kushoto ni safi. Daktari alimjaribu mkono wa kulia, mguu wa kulia, jicho la kulia, vyote vizuri. Akauliza ni nani aliyesema kulia. Nikasema ni mtaalamu. Akanitazama kwa njia ambayo sikuipenda.

Sikulaumu. Nakudanganya, nakulaumu kidogo, lakini itapita. Ni afadhali safari ya bure.

Kuna jambo lingine la siku ile, na ndilo lililonifanya niandike. Tulikuwa tunangoja kwenye ule ukumbi wao, watu wamejaa. Mimi nimesimama upande uliolala, kushoto kwake, nimeushika mkono wake kama siku zote. Muuguzi akaja na kumuuliza maswali ya kumpima akili: jina lako nani, leo siku gani. Akajibu yote. Kisha muuguzi akamuuliza, "Na mume wako ako wapi, mama?"

Jyoti akasema, "Sijui. Hakuja."

Muuguzi alinitazama, nami nikatazama sakafu. Lornah, mkono wake ulikuwa ndani ya mikono yangu miwili. Akili yake ilikuwa imetoka kupimwa mbele yangu na kuonekana nzima. Mtu mwenye akili nzima akikukana mbele ya watu, anakuwa ameshasema.

Nilimpigia Avni jioni, Selpher akinishikia simu. Atakuja Jumapili ya tarehe 23 kumchukua mama yake. Jyoti ameulizwa, amesema, "Sawa, nitaenda, hapa sina mtu." Mimi mwenyewe nimeanza kumpangia nguo. Umenisaidia sana, na maswali yangu yamekwisha.

Vasant


Uthiru
Jumatatu, 17 Februari 2025

Mzee Vasant,

Acha kupanga nguo. Keti usome mpaka mwisho.

Nimerudia barua zako zote nikiwa nimelala hapa, na nimeona tulipopotezana. Ulisema unamtazama kutoka dirisha la jikoni, naye ameelekea kwako. Basi kulia uliyoiandika ni kulia kwako wewe. Kwake yeye ni kushoto. Sahani iliyobaki chakula kulia kwako imebaki chakula kushoto kwake, na nywele vilevile.

Hili ndilo somo la kwanza kabisa la anatomia, na nililiruka kwa sababu kwetu ni kama kujua jina lako. Katika vitabu vyetu mwili husimama wima, uso mbele, mikono pembeni, viganja vimefunguka mbele. Kulia ni kulia kwa mwili huo, popote anaposimama anayetazama. Mwanafunzi akisahau hilo mara moja, anachekwa muhula mzima. Mimi nilikuuliza "upande gani" bila kukuambia wa nani, kisha nikakutimua hospitali. Mjini hapa ni mimi na wewe tu ambao tungeweza kuyafanya haya kwa barua.

Sasa nitakuambia lililobaki, na nakuomba uniamini.

Wapo watu wanaoumia nusu ya kulia ya ubongo, na mbali na mkono kulala, ubongo wenyewe unaacha kuhesabu upande wa kushoto. Jicho ni zima. Sikio ni zima. Lakini kilichoko kushoto, kwao hakipo. Wanakula nusu ya sahani na kulalamika kwamba chakula ni kidogo. Wanachana nusu ya kichwa. Ukiwaita kutoka kushoto, sauti wanaisikia, ila wanaitafuta kulia, wasione mtu. Ndiyo maana alitaka redio izimwe. Alisikia sauti ya mwanamume ikisoma habari, na hapakuwa na mwanamume.

Mzee, akigeukia ukutani unapomwita, anakutafuta.

Pale hospitali hakukukana. Alijibu kweli kama anavyoijua. Tangu Januari umekaa siku zote katika upande wa dunia ambao kwake umefutika, umeshika mkono usiompelekea habari yoyote. Selpher anaonekana kwa sababu anainama mbele yake. Kivuva anaonekana kwa sababu anamsimamisha mbele ya kioo, yeye akiwa kulia kwake, na ananiambia akija wewe unatoka nje. Wewe peke yako hukuonekana, na ni kwa sababu wewe peke yako ulifuata amri yangu bila kukosea.

Amri yenyewe niliitoa nusu. Siku ile ya mwisho nilikuwa na maumivu na nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Nilitakiwa kukuambia: anza kulia, akuone, mpate macho kwa macho, kisha usogee taratibu kuelekea kushoto ili macho yake yakufuate. Nilikuambia mwisho wake tu. Hilo ni langu, na linaniuma.

Kiti chake kiko karibu na ukuta, upande wa kulia hapana nafasi. Kivute. Mkishindwa, mgeuzeni kabisa. Kisha kaa kulia kwake, mwite jina. Fanya kabla Avni hajafika.

Lornah


Jamhuri
Jumatatu, 24 Februari 2025

Binti yangu,

Barua yako niliipata Jumanne, na kiti sikukivuta mpaka jana. Kabla hujaanza kugomba, nisikilize.

Niliogopa. Ulikuwa umenipa sababu nzuri kabisa ya yeye kutonitazama, na nilitaka kukaa nayo kidogo. Nilijiambia: nikihamia kulia na bado asinitazame, nitakuwa nimebaki na nini? Kwa hiyo Jumatano nikasema kesho. Alhamisi nikasema Kivuva akija Ijumaa atanisaidia kusukuma. Kivuva alipokuja nikamsifu kwa kazi yake, nikampa chai, akaenda zake. Hakuna siku niliyowahi kuogopa fanicha namna hii.

Avni alifika jana mchana. Akasalimia, akaanza kufunga mkoba wa mama yake. Nilipomwona akikunja shali ya kahawia ya mama yake, nilisimama nikamwambia, "Avni, acha hiyo, nisaidie kuvuta kiti cha mama yako." Akasema, "Papa, saa hii? Kwa nini?" Sikumweleza. Tulikivuta, Jyoti akiwa ndani yake anagomba kwamba tutamwangusha. Nikaleta stuli ya jikoni, nikaiweka pale palipokuwa na ukuta, nikaketi. Nikasema, "Jyoti."

Akageuka kulia, kama kila siku. Na safari hii nilikuwepo.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa ndani. Kila siku."

"Muongo," akasema. "Nilikuwa nasikia sauti yako, nageuka, hakuna mtu. Nikajua nimeanza kurukwa na akili, nikanyamaza wasije wakanifungia mahali. Halafu nikaona umerudi Westlands, umeniacha na Selpher."

Nikamuuliza kwa nini hakumuuliza Selpher. Akasema, "Nimuulize msichana wa watu kama mume wangu ameniacha?" Unamfahamu. Angekufa kabla ya kuuliza.

Nililia, Lornah. Avni naye alikuwa amesimama na shali mkononi, analia bila kujua analilia nini, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemweleza kitu. Jyoti ndiye hakulia. Aliniambia nimekonda, shati hili lina doa, na ndevu nimenyoa vibaya. Baada ya hapo akaanza habari za Westlands, moja baada ya nyingine, tangu lori mpaka mmea wake wa tulsi, ule wa maombi, uliovunjika njiani. Ilichukua muda. Sikumkatiza hata mara moja, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu.

Avni alimuuliza, "Mama, Kisumu je?" Akajibu, "Kisumu kufanya nini? Huyu nani atamwangalia?"

Avni atakaa nasi wiki hii kisha atarudi peke yake. Nimemsomea barua yako yote, naye amekuombea mtoto mzima.

Vasant


Jamhuri
Jumanne, 18 Machi 2025

Lornah mpendwa,

Wameniambia umepata msichana. Hongera sana. Mle vizuri, mlale anapolala, na usimruhusu Clifford kumbeba kama mkungu wa ndizi. Wanaume wote huanza hivyo.

Mkono wangu wa kulia ni mzima, kwa hiyo nimesema nitaandika mwenyewe. Kivuva anafurahi kila nikiandika. Mguu umekubali, natembea na fimbo mpaka mlangoni. Mkono wa kushoto bado una kiburi.

Mume wangu anakaa kulia asubuhi, kisha anajisogeza na stuli yake kidogo kidogo mpaka kushoto, na mimi natakiwa nimfuate kwa macho. Mara nyingine anapotea, namwita, anarudi. Nyumba ya Westlands sijamsamehe. Anasema tu, "Ilibidi," na akisema ilibidi amefunga mlango. Kila Ijumaa anaenda mjini, ati kuwaona watu wa Kirinyaga Road. Duka lenyewe halipo tena, sijui anawaona akina nani.

Mlete mtoto nimwone. Mweke kulia.

Jyoti

*

Lornah, ni Vasant. Utaona mwandiko wa Jyoti umejaa nusu ya kulia ya karatasi na nusu hii ya kushoto ameiacha wazi. Kivuva amechora mstari mwekundu ukingoni, huku mwisho kabisa wa kushoto, na amemwambia kila akisoma autafute kwanza mstari huo ndipo aanze. Hajaufikia bado. Hufika katikati, akasema karatasi imeisha. Kwa hiyo hapa naweza kukuandikia naye ameketi palepale, akiningojea nimpe bahasha.

Sikuuza nyumba kwa kuwa niliichoka. Unazikumbuka zile ngazi za mawe alizokueleza, za kushuka bustanini? Mwaka juzi nilimwona mara mbili ameshikilia ukuta, miguu inatetemeka, anangoja nipite ili nisijue. Ningemwambia tunahama kwa sababu ya magoti yake, angepanda na kushuka ngazi hizo siku nzima kunionyesha. Nikaona ni afadhali anikasirikie mimi kuliko kuukasirikia mwili wake. Basi nikasema ilibidi.

Na Ijumaa siendi Kirinyaga Road. Naenda Westlands, nasimama ng'ambo ya barabara, naitazama nyumba. Walioinunua bado hawajaibomoa. Mlinzi, mtu mmoja anaitwa Kitavi, sasa ananijua na hunitolea kiti. Mimi pia sikutaka kuhama, Lornah. Hili sijamwambia mtu.

Mbusu mtoto.

V.

*

Nimefika kwenye mstari mwekundu. Nimesoma yote.

Lornah, mwambie Kivuva aniletee fimbo nzuri zaidi, ya safari. Ijumaa tunaenda wote wawili.

Jyoti